Kuzunguka Ziwa Léman kwa baiskeli: anzeni na kipande kisicho na treni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, na naomba usiikate sana maana jambo lenyewe linahusu usalama wa watu wetu.

Tangu yale mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika, vijana wamepandwa na mzuka wa baiskeli na mimi nafurahi kwa kweli, nafurahi sana. Sasa kila anayekuja huku Uswisi, awe kaja kikazi, kimasomo au kumsalimia dada yake tu, swali ni lile lile, nataka kuzunguka ziwa lote kwa siku moja, nipite wapi? Na majibu anayopewa na sisi tuliotangulia huku ni mepesi mno. Anaambiwa anzia Geneva, fuata maji, ziwa liwe kulia kwako mpaka urudi ulipotoka, njia yenyewe tambarare. Basi kashapewa ramani hivyo. Huo sio mpango, na mimi nimeona watu wakiteseka barabarani kwa sababu ya maneno hayo, ndo maana naandika.

Kwanza ukubwa wenyewe. Ziwa Léman, ambalo wengi mnalijua kama Ziwa Geneva, lina kama kilomita za mraba 580, upande wa kaskazini ni Uswisi na upande wa kusini sehemu kubwa ni Ufaransa. Kulizunguka lote ni kilomita 170 hadi 180 kutegemea unakatia wapi. Na neno tambarare lisiwadanganye, uso wa maji uko mita 372 kutoka usawa wa bahari ila barabara haikai kwenye uso wa maji, inapanda inashuka, inapanda inashuka, na hivyo vimlima vidogo vidogo ukivijumlisha siku nzima miguu inaviona vyote. Halafu jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa ni kwamba ziwa halina njia ya mkato. Ukiwa unaenda Chalinze na kurudi ukichoka unageuza, mambo yameisha. Kwenye ziwa ukifika katikati kurudi ni mbali sawasawa na kuendelea, na hakuna daraja la kuvuka kutoka Uswisi kwenda Ufaransa zaidi ya pale Geneva kwenye ncha moja na ule upande wa mto Rhône kwenye ncha nyingine. Katikati ni maji, kina chake kinafika mita 310.

Kwa hiyo swali la kwanza la kupanga sio nitaona nini wala nitapiga picha wapi, swali la kwanza ni nikishindwa natokea wapi.

Upande wa Uswisi jibu ni rahisi mno. Kutoka Geneva mpaka Villeneuve reli inaenda na ziwa, stesheni ziko kila baada ya kilomita chache, Nyon, Rolle, Morges, Lausanne, Vevey, Montreux, unapandisha baiskeli kwenye treni ndogo za mkoa, unaikatia na yenyewe tiketi yake, unarudi nyumbani. Évian upande wa Ufaransa nako kuna treni ya Léman Express iliyoanza Desemba 2019, inakupeleka mpaka Geneva. Ila kati ya Saint-Gingolph, kijiji cha mpakani, na Évian, kama kilomita 17 hivi, hakuna treni ya abiria. Reli ya zamani ipo imelala tu majani yanaota. Na hicho ndo kipande kibaya kuliko vyote kwa mtu aliyechoka, mlima umesimama kushoto kwako, kulia ukuta mfupi wa mawe halafu maji, katikati barabara moja nyembamba ambayo magari na malori yote ya upande ule yanapita hapo hapo kwa sababu hayana pengine pa kupita.

Sasa angalia ule ushauri wa kuanzia Geneva unamfikisha mtu hapo saa ngapi na akiwa na hali gani. Anafika Saint-Gingolph akiwa na kilomita zaidi ya 110 miguuni, jua la mchana limeshampiga, na mbele yake ndo kipande pekee ambacho hakina mlango wa kutokea. Majira ya joto yaliyopita nilimkuta binti mmoja wa kwetu pale Meillerie, kijiji kiko katikati kabisa ya hicho kipande. Alikuwa kaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa mawe, kavua viatu, nyayo zimevimba, chupa zote mbili tupu, kajibana kwenye kinjia cha pembeni hakifiki hata upana wa mabega na kila lori likipita upepo wake unamsukuma ukutani. Alikuwa amepiga simu kwa shemeji yake Lausanne, na Lausanne unaiona pale ng'ambo kabisa, majengo unayahesabu, ila kwa gari shemeji anatakiwa azunguke ncha nzima ya ziwa ndo amfikie. Yule binti ana nguvu na baiskeli yake ilikuwa nzima, kilichomfikisha pale ni ushauri wa "fuata maji".

Pendekezo langu ni hili na nalisema kwa wote wanaokuja kiangazi hiki: msianzie Geneva. Anzeni Villeneuve, ile ncha ya mashariki, na anzeni Jumapili alfajiri.

Kwa nini Villeneuve? Kwa sababu hapo kile kipande kisicho na treni unakimaliza mwanzo kabisa ukiwa na miguu mipya. Unatoka Villeneuve saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa sita kumeshaanza kupambazuka, unakatiza kwenye ile hifadhi ya Grangettes yenye mafunjo na ndege, unavuka mto Rhône pale Porte-du-Scex, unapita Le Bouveret, saa kumi na mbili na nusu uko Saint-Gingolph. Kijiji chenyewe mpaka umekigawa katikati, kijito kidogo tu, huku Uswisi kule Ufaransa. Saa moja na robo uko Évian, bekari zimefunguliwa, unakunywa kahawa na sehemu ngumu ya mpango wako imeshapita.

Na kwa nini Jumapili? Hili watu wengi hawalijui. Uswisi malori makubwa hayaruhusiwi barabarani Jumapili, na Ufaransa malori ya zaidi ya tani saba na nusu yanasimamishwa kuanzia Jumamosi saa nne usiku mpaka Jumapili saa nne usiku. Yaani ile barabara ya Meillerie iliyomtisha yule binti, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi ni barabara nyingine kabisa, unasikia maji yanapiga kwenye ukuta. Ubaya wake ni kwamba Jumapili maduka ya Uswisi mengi yamefungwa, yanabaki ya stesheni na vituo vya mafuta, kwa hiyo chakula cha mchana na mchezo wa kubahatisha usichanganye, beba chako.

Kutoka Évian unakwenda Thonon, na hapo muwe makini maana ukitoka Thonon reli inaliacha ziwa, inazunguka ndani kupitia Annemasse. Barabara kubwa ya kwenda Geneva nayo ina magari mengi hata Jumapili, mimi nashauri muiache mshike vibarabara vya kandokando, Yvoire, Nernier, Messery, Chens mpaka Hermance ambako unaingia tena Uswisi bila hata kushtuka. Ni ndefu kidogo ila ni salama na ni nzuri mno, mashamba, ng'ombe, ziwa linachungulia. Ukiona umeishiwa pale Yvoire kuna boti inavuka kwenda Nyon, kama dakika 20, na boti za ziwa hili zinabeba baiskeli. Évian nako ipo boti ya kwenda Lausanne, dakika 35 hivi. Hizo boti mbili ziandikeni kwenye karatasi pamoja na saa zake kabla hamjaondoka nyumbani, ndo madaraja yenu hayo.

Geneva mnaingia kama saa tano asubuhi mkiwa na kilomita karibu 86. Pale mjini angalieni reli za tramu, tairi nyembamba ikiingia kwenye ule mfereji unaanguka hapo hapo, zivukeni kwa kukata, msizifuate sambamba. Ndugu zetu wengi wanaishi Geneva, ni mahali pazuri pa kula wali wa nguvu na kupumzika, lakini msikae zaidi ya saa moja, miguu inaganda.

Kisha Geneva mpaka Lausanne ni kama kilomita 63 na hapa adui ni upepo. Upo upepo unaitwa bise, unatoka kaskazini mashariki, unapita katikati ya milima ya Jura na Alps na unavyokaribia Geneva nafasi inabana kwa hiyo unakuja kwa nguvu. Kwa mpango wangu huu bise unakusukuma mgongoni upande wa Ufaransa asubuhi halafu unakupiga usoni Geneva mpaka Lausanne mchana kutwa. Ikiwa utabiri unasema bise kali, ahirisheni mpaka Jumapili nyingine. Najua mtu kaomba likizo, kakodi baiskeli, roho inauma, ila kilomita 63 za bise usoni baada ya 86 za asubuhi zinamvunja hata aliyezoea.

Na kuna jambo la dhoruba pia. Majira ya joto jioni mawingu yanajenga ghafla juu ya milima. Pembeni mwa ziwa zimewekwa taa za rangi ya machungwa, mtaziona bandarini. Zikiwaka na kuzima kama mara 40 kwa dakika ni tahadhari ya upepo mkali, zikienda mara 90 kwa dakika ni dhoruba inakuja. Zimewekwa kwa ajili ya watu wa majini ila mwendesha baiskeli naye azisome, ukiiona ile ya haraka haraka tafuta stesheni au kibaraza ujifiche, upepo wa huku unaweza kukuhamisha na baiskeli yako mpaka katikati ya barabara.

Sasa nije kwenye utamu wenyewe, maana kuna wanaotaka mzunguko mgumu kweli kweli na hao nawaheshimu. Ukitoka Lausanne kwenda Vevey kuna barabara ya chini kando ya maji, na kuna ya juu inapita kwenye mashamba ya mizabibu ya Lavaux, yale matuta ya mawe yaliyoanza kujengwa na watawa karne nyingi zilizopita na sasa ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2007. Ukishika ya juu, unaacha ziwa pale Cully unapanda Epesses, unafuata ile barabara ya Corniche mpaka Chexbres, umeongeza kama mita 200 za kupanda, na unazipanda ukiwa na kilomita 150 na kitu mwilini. Kuta za mawe pande zote mbili zimekunywa jua tangu asubuhi na zinakurudishia joto lote, kipande cha kwanza kimesimama mpaka gurudumu la mbele linataka kunyanyuka, unaweka gia nyepesi kabisa unakaa mbele ya kiti unanyonga taratibu. Juu pale ukigeuka unaliona ziwa lote ulilolizunguka na ile milima ya Ufaransa uliyopita chini yake alfajiri. Mimi nasema hapo ndo mahali sahihi pa kuweka mlima kwenye mpango, mwishoni, kwa sababu chini yako kuna treni kila kijiji. Ukiishiwa pumzi unaachia baiskeli inashuka yenyewe mpaka stesheni ya Cully au Rivaz.

Wale wanaotaka zaidi ya hapo, kuna Thollon-les-Mémises juu ya Évian, kijiji cha watu wa kuteleza kwenye theluji, kiko kama mita 900, na upande wa Jura kuna Marchairuz yenye mita 1,447, hiyo ni zaidi ya kilomita nzima juu ya ziwa. Kuchanganya hivyo na mzunguko mzima siku moja ni kazi ya watu waliofanya mazoezi miezi na miezi. Fanyeni mzunguko mtupu kwanza.

Na wasio tayari kwa mzunguko mzima waambiwe bila kuoneshwa kwamba ni wanyonge. Lausanne, Montreux, Saint-Gingolph, Évian halafu boti ya kurudi Lausanne ni kilomita 60 na kitu. Geneva, Nyon, boti, Yvoire na kurudi Geneva ni kama 50. Ni safari kamili hizo.

Vitu vidogo vidogo ila muhimu. Pasipoti mbebe, hata kama visa yenu ya Schengen inafaa pande zote mbili, maana mnavuka mpaka mara mbili na askari wa forodha anaweza kusimamisha yeyote. Laini ya simu ya Uswisi ikidaka mnara wa Ufaransa data inaweza kukatwa au kuchajiwa vibaya, kwa hiyo ramani ipakueni kabisa kabla. Namba ya dharura 112 inafanya kazi nchi zote mbili. Kizibao kinachong'aa muwe nacho, Ufaransa ni sheria kuvaa nje ya miji kukiwa na giza au ukungu, na alfajiri pale Meillerie mlima unaziba mwanga. Helmeti kwa mtu mzima sio lazima kisheria, mimi nasema ni lazima. Tyubu mbili, pampu, na ujue kuziba pancha mwenyewe, fundi wa chini ya mwembe huku hakuna, na duka la baiskeli Jumapili limefungwa.

Wenzetu wa Tanzania, Kenya na Uganda, tumezoea kushoto. Kwenye barabara iliyonyooka utakumbuka, tatizo ni asubuhi ukitoka tu kwenye geti na kwenye kipilefti, mwili unaenda wenyewe kulikozoea. Huku kipilefti unakiingia kwa kukata kulia na mwenye haki ni aliye ndani tayari, anakuja kutoka kushoto kwako. Aliyetoka Rwanda, Burundi au Kongo hapa kashatuzidi, awekwe mbele ya kundi.

Chakula, jamani kuleni kabla hamjasikia njaa, kitu kila nusu saa. Hizi jeli za dukani zinauzwa bei mbaya na tumbo linazikataa. Ndizi, tende, kashata za nazi za kujitengenezea nyumbani zenye chumvi kidogo, hivyo vinatosha kabisa na vinakaa vizuri mfukoni. Maji upande wa Uswisi kila kijiji kina bomba la mawe linalotiririka, ni ya kunywa isipokuwa pameandikwa non potable. Upande wa Ufaransa msitegemee hivyo, jazeni chupa Évian na Thonon.

Mhariri, najua kuna watakaosema hii ni starehe ya watu wa Ulaya, gazeti la Kiswahili linahusikaje. Linahusika sana. Kutoka Villeneuve ukipanda bonde la Rhône kilomita kama kumi tu unafika Aigle, makao makuu ya chama cha baiskeli cha dunia, na kituo chao cha mafunzo kilichofunguliwa 2002 ndo kilichompokea Biniam Girmay wa Eritrea akiwa bado kijana mdogo, yule aliyeshinda hatua tatu za Tour de France 2024 na kuondoka na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Chris Froome aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah kule Kikuyu naye alipita Aigle 2007. Barabara hizi za ziwa watoto wetu wanazifanyia mazoezi tayari. Magazeti yetu yanaandika mtu akishapanda jukwaani, ila namna ya kupanga safari ndefu, kula, kusoma upepo, kujua pa kutokea, hayo hayaandikwi popote kwa lugha yetu na kijana anabaki kubahatisha.

Kwa hiyo ombi langu kwako, fungua kona ya namna hii hata mara moja kwa mwezi. Na ninawaomba wasomaji wa Rubavu, Karongi na Rusizi kule Rwanda waliopita ile Congo Nile Trail, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu, watuandikie kama nilivyoandika mimi: maji mnayapata wapi, kipande kipi hakina usafiri, mvua ikikata njia mnatokea wapi, na boti zinabeba baiskeli au hazibebi. Kuna kundi letu hapa linataka kuja huko msimu wa kiangazi na mpaka sasa tunachonacho ni picha nzuri tu.

Msomaji wako,
Lausanne, Uswisi